Mama, asali ya mjukuu isubiri

Leipzig, Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na wote hapo nyumbani, kamwene. Baba mdogo kama yupo mwambie nimemsalimu wa kwanza, maana najua huwa anahesabu. Mimi huku sijambo. Kazi ya nyumba ya wazee inaendelea, jioni miguu inawaka moto, ila mshahara unaingia kwa tarehe yake, kwa hiyo sina la kulalamika. Huku ni kiangazi, jua linazama saa tatu usiku na watu wanatembea na kaptula, wakati ninyi huko Njombe najua mmejifunga sweta na blanketi juu, ukungu hadi mlangoni.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikia. Umekohoa kuliko ulivyoongea. Umesema nyumba nzima ina mafua, kaka yuko kwenye vidonge, wifi koo linamwasha, na mjukuu wako pua zinachuruzika usiku kucha. Halafu ukapitisha haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu chini ya kanga, kwamba jioni utamtengenezea "katangawizi kidogo na asali ya Chunya". Nimesikia, mama. Nimeamua kuandika badala ya kupiga, kwa sababu kwenye simu ungenikatisha: "Kwani wewe nilikulea na nini?" Barua haikatishwi.

Naomba hivi: mtoto wa miezi minane asipewe asali. Hata ya kulambishwa kwenye kidole. Hata ikichanganywa kwenye uji wa moto.

Sababu yenyewe si uchafu wa asali. Asali ya baba mdogo ni safi, najua anaitoa kwa wafuga nyuki wenyewe kule porini. Lakini asali yoyote, hata ile bora, inaweza kubeba mbegu za bakteria mmoja anayeishi kwenye udongo na vumbi. Sisi wakubwa tunazimeza na hazitufanyi kitu, matumbo yetu yamekomaa. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado ni changa, zile mbegu zikifika humo zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anaanza kukosa choo, halafu ananyonya kwa unyonge, analia kwa sauti ndogo, shingo inalegea, na ikifika kwenye misuli ya kupumulia ndio hatari yenyewe. Na kuchemsha kwa jikoni hakuziui mbegu hizo, ndiyo maana nimetaja uji.

Utaniambia sisi wote tulilambishwa asali tulipozaliwa na tuko wazima. Ni kweli, mama, na wala sikulaumu, bibi naye alifanya hivyo hivyo. Ugonjwa huo ni adimu. Watoto wengi hulambishwa wasipate lolote. Ila ukimpata mmoja, unahitaji hospitali yenye mashine za kumsaidia kupumua, na mimi sitaki huyo mmoja awe wetu. Novemba akitimiza mwaka mpe, na itamfaa kweli: mwaka 2018 mamlaka za afya za Uingereza zilitoa mwongozo kwamba kikohozi cha kawaida kianze kwa asali kabla ya mtu kukimbilia antibayotiki. Kwa wenye umri wa kuanzia mwaka mmoja, wameandika wazi.

Sasa mtoto apewe nini? Ziwa la mama yake, tena mara nyingi kuliko siku zote, hata kama ananyonya kidogo kidogo kwa sababu pua zimeziba. Wifi anunue duka la dawa matone ya maji ya chumvi ya puani, amdondoshee kidogo kabla ya kunyonyesha, amfute, ndipo ampe. Maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa kidogo kwa kikombe, sawa. Tangawizi haina kazi kwake. Na ile dawa ya kuchua yenye menthol msimpake puani wala kifuani, kwa watoto wadogo inaweza kubana pumzi badala ya kuifungua.

Halafu mfundishe wifi kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, amfunue nguo kifuani na kuhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili kwa saa ya simu. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, huo si mafua tena, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile kama ngozi ya chini ya mbavu inabonyea kila anapovuta hewa, au amegoma kabisa kunyonya, au analala usingizi usio wa kawaida. Wasingoje kupambazuke.

Na jambo ambalo hukuniuliza: jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto, wala na mtu yeyote. Najua baridi ya mwezi huu, nimekulia humo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Liotwe jioni mlango ukiwa wazi, kisha litoke nje.

Nimemaliza ya mtoto. Sasa tuongee ya wakubwa, ambayo ndiyo matamu.

Chai yako ya tangawizi endelea nayo. Ile tangawizi ya Madaba inayoshushwa kwenye mabasi ya Songea ina ukali ambao huku siupati. Hii ya madukani inatoka China au Peru, minene, inang'aa, ukiiponda unahisi umeponda kiazi. Mimi siku hizi siimenyi, naiosha, naiponda na maganda yake, natia kwenye sufuria la maji baridi na karafuu mbili tatu, naacha ichemke taratibu robo saa. Mchaichai unaingia mwishoni, moto ukizimwa, unafunikwa. Ukichemsha muda mrefu harufu yote inaondoka na mvuke, mnabaki na maji ya kijani. Ndimu na asali zisubiri hadi kikombe kishikike kwa mkono. Moto mkali unapunguza vitamini C ya ndimu na kuua harufu ya asali, na asali ya Chunya ni ya bei, haifai kuadhibiwa. Karafuu usiiache, ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, ndiyo yale yale ya dawa ya jino. Shangazi mwenye kisukari chake anywe bila asali kabisa, asidanganyike kwamba asali si sukari.

Wifi alinilalamikia kwamba maziwa yalimkatika akamgombeza muuza maziwa, eti kayachakachua. Amwombe radhi. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, watu wengine huitumia makusudi kutengenezea kitu kama mtindi mtamu. Dawa yake ni kuchemsha tangawizi kwenye maji kwanza, ichemke vizuri, ndipo maziwa yafuate. Hayatakatika. Na ile imani kwamba mwenye kikohozi asinywe maziwa kwa sababu yanaongeza makohozi, wamepima mara kadhaa hawakuona yakiongezeka. Maziwa yanachanganyika na mate, koo linahisi zito kwa dakika chache, basi. Kwa mji wenye maziwa kama Njombe ni hasara kubwa kuyakwepa wiki nzima.

Lakini nikwambie ukweli wa vinywaji hivi vyote, mama, na usinune: haviui mafua. Mafua yanaletwa na virusi na mwili unavitoa wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku saba hadi kumi, kikohozi kikibaki nyuma kidogo. Kinywaji cha moto kinatuliza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, kule Wales, walichukua watu 30 wenye mafua wakawapa maji ya matunda, ya moto au ya vuguvugu la chumbani tu. Pua zao zilipopimwa kwa mashine hazikuwa zimefunguka zaidi. Ila waliokunywa ya moto walisema koo limepoa, baridi mwilini imepungua, uchovu umepungua, kikohozi na chafya vimetulia, papo hapo. Yale ya vuguvugu hayakugusa koo wala ubaridi wala uchovu. Mimi jibu hilo linanitosha. Mtu anayeumwa usiku hahitaji kushinda virusi saa hiyo, anahitaji apate usingizi. Kwa hiyo ijaze ile chupa ya chai, iwekwe karibu na kitanda, kila mtu anywe kila anapoamka.

Hawa wazee ninaowahudumia nao wana mambo yao. Kuna mti unaota kila mahali hapa, kando ya reli, nyuma ya majengo, wanauita Holunder. Mwishoni mwa kiangazi unazaa vitunda vyeusi vidogo vidogo, wanavichemsha, wanavikamua, na juisi yake wanaiweka kwenye chupa hadi msimu wa baridi. Mafua yakija wanaipasha moto. Vikiliwa vibichi vinatapisha, lazima vichemshwe kwanza, kwa hiyo hata kwa Mzungu si kila cha porini kinachumwa na kutiwa mdomoni. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili anaapa kwa kitunguu maji: anakikatakata, anakifunika kwa sukari usiku kucha, asubuhi anakunywa yale maji kwa kijiko. Nimeonja. Ni matamu kuliko unavyodhani, ila mtu asikukaribie hadi mchana. Na wapo wanaojifunika taulo juu ya bakuli la maji moto yenye maua ya kamomili. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikakumbuka 2020 nchi nzima ilipokuwa inapiga nyungu na kaka alivyokata matawi ya milingoti hadi jirani akaja kuuliza kama tunajenga.

Nyungu yenyewe sina neno nayo kwa mtu mzima anayejiweza. Pua inalainika, mtu anajisikia mwepesi. Kwa watoto, hapana kabisa: sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto anayejitupa tupa, kinachofuata ni kuungua, na kidonda cha moto kinauma na kuchelewa kupona kuliko mafua.

Baba mdogo najua ataulizia ulanzi, pombe yake ya mianzi. Mwambie huku Desemba wanachemsha divai nyekundu na karafuu na mdalasini, wanauza barabarani, watu wanasimama kwenye theluji wamekumbatia vikombe, kwa hiyo hayuko peke yake duniani. Lakini mwambie pia kwamba pombe inaharibu usingizi na kukausha maji mwilini, na mgonjwa anahitaji usingizi na maji. Supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga itamfaa zaidi. Atakataa. Wewe mpikie tu.

Sasa kaka. Umesema yuko kwenye vidonge, nami nikamwomba picha akanitumia: ni amoksilini, zile alizobakiza alipoumwa jino. Hizo ni za kuua bakteria, virusi vya mafua haviguswi nazo. Anajiharisha bure na anawafundisha bakteria wake kuizoea dawa, siku atakapoihitaji kweli isimsaidie. Anasema makohozi yamekuwa ya kijani, kwa hiyo "imeshakuwa infeksheni". Rangi hiyo inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana, inatokea hata kwenye mafua ya kawaida. Kwa homa na kichwa anywe paracetamol kwa kipimo cha kwenye karatasi, anywe chai yako, apumzike. Hapa Ujerumani mgonjwa asiye mgeni kwa daktari wake anaweza kupiga simu tu na kupewa ruhusa ya siku tano za kubaki nyumbani, wameuweka utaratibu huo rasmi tangu Desemba 2023. Najua fundi wa pikipiki hana wa kumpa ruhusa, lakini siku mbili za kulala ajipe mwenyewe.

Na wewe, mama. Kikohozi chako nilikisikia tangu mwezi uliopita, usidhani nimesahau. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu anakwenda kupima kifua kikuu, makohozi tu, na kwenye vituo vya serikali kipimo hakilipiwi. Si kwamba nakuombea mabaya. Ukiwa huna, tutajua huna, utaendelea na tangawizi yako kwa amani. Nenda wiki hii, kabla ya Ijumaa, wifi akusindikize.

Nimetuma hela kidogo kwenye simu ya wifi: za matone ya pua, kipimajoto na nauli ya hospitali. Kitakachobaki nunueni ndimu. Si vitenge, mama, nakufahamu.

Barua hii atakusomea kaka kwa sababu miwani yako umeivunja tena, nimeambiwa. Nimemwandikia pembeni kwamba nitakuuliza Jumapili habari za amoksilini, kwa hiyo kama hujasikia amesoma popote neno hilo, mrudishe ukurasa uliopita.

Wasalimie shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba