Matembezi ya ndege: siku ya posho (Jumamosi) asubuhi, Muhumba, Bukavu, kando ya ziwa Kivu

Jambo ndugu wote, ba papa na ba mama.

Tutakutana Muhumba saa kumi na mbili kamili, jua likichomoza. Atakayefika saa mbili atakuta mwewe tu, na hao tunawaona kila siku juu ya soko.

Safari hii tumwangalie sana mdiria, yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani akipiga mabawa, kichwa kimetulia kabisa, halafu anashuka kama jiwe. Anakula samaki wadogo, kama sambaza, walioletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiota anachimba ndani ya ukingo wa udongo. Kwa hiyo kila ukingo unaokatwa ili kujenga ukuta wa nyumba, yeye anapoteza mahali pa kutagia. Mukiona matundu, musiingize fimbo, na muzuie watoto wenye manati.

Mnandi watakuwepo pia, wale weusi wanaotanua mabawa kukausha manyoya.

Mwenye darubini alete, tutapokezana. Kila mtu na mfuko mmoja: tutaokota chupa na mifuko ya plastiki. Zikiachwa, maji yanazibeba mpaka mto Ruzizi, unaotoka ziwani, zinaziba mitambo ya umeme, kisha tunalalamikia giza.

Picha za ndege, sawa. Upande wa mpaka wa Rwanda, simu ibaki mfukoni, tafadhali.

Wanaokuja waandike jina hapa chini kabla ya kesho jioni. Mvua ikinyesha nitawaambia hapa hapa.