Bunduki za mbao hazituponyi Lamu

Mhariri,

Mara nyingi husoma katika magazeti yetu sifa za sanaa kama dawa ya jamii zilizopitia umwagaji damu. Sina ugomvi na sifa hizo. Mimi ni mshona kofia wa Langoni, hapa Lamu, na harusini hupiga vugo, ngoma yetu ya kina mama, basi nikisema sanaa haifai nitakuwa najikata mkono mwenyewe. Ninachouliza ni hiki: nani huchagua kitakachoigizwa, na mbele ya nani?

Kwa wasomaji walio mbali, usiku wa Jumapili tarehe 15 Juni 2014, watu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, wauaji waliingia Mpeketoni, mji wa bara katika kaunti yetu ya Lamu. Usiku huo na uliofuata waliuawa watu wapatao 60, mjini na vijiji vya jirani, karibu wote wanaume. Al-Shabaab wakasema ni wao. Julai ikawa zamu ya mji wa Hindi, jirani na Mpeketoni. Wala hayakuishia hapo: kumekuja mashambulizi ya vijiji vingine vya Lamu, Pandanguo mwaka 2017, Widho Januari 2022, Juhudi na Salama Juni 2023. Anayekuja kutuponya ajue kuwa kidonda hiki hutoneshwa kila kinapoanza kukauka.

Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilitualika kina mama wa kisiwani twende Mpeketoni kutazama mchezo wa kuigiza wa kuleta maridhiano. Tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda matatu, tukapita Hindi na vizuizi vya askari, kitambulisho mkononi. Ukumbini tulipewa soda na fulana zenye maneno ya amani mgongoni. Vijana walioigiza wana vipawa, na sitaki kuwavunja moyo. Lakini walipoingia wauaji na bunduki zao za mbao, kiongozi wao alikuwa kavaa kikoi na kofia ya mkono. Kofia ya vitobo, Mhariri, iliyoshonwa Lamu! Niliikodolea macho nione kama ni kazi ya mtu nimjuaye. Na alipofungua kinywa, alizungumza kwa lafudhi ya Kibajuni, ya watu wa visiwa vyetu, ile ya kutuchekesha.

Sidhani yule kijana alikusudia ubaya. Alitaka muuaji atambulike upesi, basi. Na kweli alitambulika: safu nzima iliyokuwa mbele yetu iligeuka kututazama sisi na mabuibui yetu. Hatukujua tuweke wapi nyuso. Katika mitaa yetu kuna kina mama ambao wana wao walichukuliwa miaka ile na hawajarudi mpaka leo. Mmoja wao alikuwa amekaa ubavuni mwangu na soda yake, hajaifungua.

Mchezo ulipokwisha, msimamizi, kijana mpole, aliwaomba waliokumbwa na usiku ule wapande jukwaani waonyeshe ulikuwaje. Alitueleza kuwa njia hiyo ilibuniwa na Augusto Boal wa Brazil, kwamba mtazamaji huingia mchezoni akabadilisha mambo yaende atakavyo. Naamini ni njia nzuri kwa watu wanaotafuta namna ya kumkabili tajiri anayewadhulumu mshahara. Mjane atabadilisha nini? Mama mmoja alisukumwasukumwa na wenzake mpaka akapanda. Akasimama, akaitazama ile bunduki ya mbao, kisha akainama akavua kandambili zake, akazishika mkononi kama mtu anayejiandaa kukimbia. Hakusema neno. Akashuka, akatoka nje miguu mitupu, na mpiga picha wa shirika akimfuata nyuma. Aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo, seuze kurushiwa nyoka mwenyewe.

Sasa nieleze upande wa kisiwani, ambao hauandikwi sana. Julai 2014 tuliwekewa kafyu ya tangu saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi, ikawa inaongezwa muda mwezi baada ya mwezi. Habari za wavuvi wa usiku zilitangazwa, na ni haki, maana watu walilala na njaa. Lakini hakuna aliyekuja kuuliza juu ya ngoma. Vugo ni la usiku. Hutoka kina mama na pembe zao za nyati, kila mmoja na kijiti chake, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanampokea, mtaa mzima unajua leo fulani anaozwa. Mwaka ule harusi zilifanywa mchana kama mkutano wa chifu, watu wakitazama saa. Mabinti waliokuwa wakianza kujifunza kupiga pembe wakaacha, na baadhi hawakurudi tena hata kafyu ilipoondolewa. Katika hesabu za hasara za Lamu sijaona mahali palipoandikwa hilo.

Kaka yangu atakaposoma barua hii atasema ngoma ni upuuzi, na kwamba dua na maulidi vyatosha. Namheshimu. Lakini nimewahi kumwona mwanamke aliyefiwa na mwanawe, miezi haongei na mtu, akipewa pembe mkononi kwenye harusi ya mpwa wake akaanza kuifuatisha. Dua alikuwa ameombewa nyingi tu.

Rwanda kuna kundi la kina mama wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya, lilianzishwa na Odile Gakire Katese huko Huye, mji uliokuwa ukiitwa Butare. Ndani yake wamo wajane wa mauaji ya 1994, na wamo pia jamaa za waliofungwa kwa kuua. Zamani kule mwanamke hakuruhusiwa kugusa ngoma hizo. Mimi linalonivutia ni kwamba wakikutana hawaigizi mapanga. Wanapiga ngoma. Wanajifunza mapigo, wanakosea, wanaanza upya, wanasubiriana. Mwaka 2010 wakafungua hata duka la aiskrimu.

Hapa kwetu lililotokea halikupangwa na mtu yeyote. Yule mama wa kandambili huvuka kuja sokoni kwetu na maembe na mahindi mabichi kutoka Mpeketoni. Siku moja akingoja boti alikaa barazani kwangu, akanikuta nashona. Akauliza, "Hii yauzwa ngapi?" Nilipomtajia bei hakuamini, akaishika akaigeuzageuza, akahesabu vitobo kwa ukucha. Kofia nzuri ya mkono inaweza kula miezi: unachora, unatoboa, kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kisimame chenyewe, na ukikaza sana kitambaa kinajikunja, kazi yote imeharibika. Nikampa kipande cha kujaribia. Kilikuwa kibaya kweli, nikamwambia, naye akacheka. Sasa hushona, na wapo wenzake wanaojifunza. Mwezi wa Juni hatuuzungumzi. Kuna siku, sindano iko mkononi, alinitajia jina la mumewe na chakula alichokuwa akikipenda. Sikumuuliza zaidi, nikampitishia uzi.

Halafu nikamwalika kwenye harusi ya upande wetu. Akaja na wawili wa kwaya ya kanisani kwao, wamebeba kayamba! Wazee wa vugo walinuna. Walisema kayamba linaharakisha, linavuruga mwendo wa pembe, na kusema kweli linavuruga. Walibishana pale uani kama watu wanaogombania kiwanja, kisha wakakubaliana kayamba liingie kwenye kiitikio tu. Mimi sijaona maridhiano mengine Lamu yaliyokuwa na ubishi wa haki kama ule. Kwenye semina hatubishani, tunapiga makofi.

Najua nitaambiwa nataka watu wanyamaze. La. Chile, baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1973, kina mama waliokuwa wakiwatafuta waume na watoto wao waliochukuliwa na askari walishona vitambaa vya viraka vyenye picha: askari, mlango wa gereza, mwanamke anayeuliza "wako wapi?" Kanisa Katoliki liliwasaidia kuviuza nchi za nje, wakapata cha kulisha nyumba. Wao walisema wazi kabisa. Ila sindano ilikuwa mikononi mwao, na aliyetaka kushona jua na milima tu alishona jua na milima. Mama wa Mpeketoni akitaka siku moja kusimama jukwaani asimulie, nitakaa safu ya mbele. Lakini aamue yeye, na siku aipange yeye, si mwenye ripoti ya kupeleka kwa wafadhili kabla ya mwezi kwisha.

Basi kwa serikali ya kaunti na kwa mashirika: acheni kuwaigizia watu mauaji yao wenyewe. Na mkitunga muuaji, msimvike kofia yetu wala msimpe lafudhi ya Wabajuni. Pesa za fulana zilipieni nauli ya boti na matatu, maana mwanamke anayeuza maembe hawezi kuacha biashara kutwa nzima akavuka kwa mfuko wake. Tamasha la utamaduni la Lamu liwape Mpeketoni nafasi katika ratiba ya jioni, wakati watu wapo, na liwape pia Waboni wa msituni na Waorma, badala ya kuwaita wakae chini ya hema kama wageni. Na askari wakiombwa kibali cha ngoma ya usiku, wakitoe mapema. Kibali kinachofika saa mbili usiku, watu wameshavua nguo za harusi, hakina maana.

Harusi zetu huanza kwa wingi mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Anayetaka kusaidia aje kabla ya hapo, na asitafute ukumbi wa hoteli. Atukute barazani baada ya alasiri, na kama anaweza aje na uzi mweupe, kwa sababu umepanda bei.

Mshona kofia,
Langoni, Lamu.