Mzazi asiadhibiwe kwa kosa la karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa vituo vya kulelea watoto mchana, mjadala ambao kila unapoibuka hapa kwetu Zanzibar huishia kwenye suala la nani atalipa. Mama aliyeajiriwa hupata siku 90 za likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na skuli ya maandalizi humpokea mtoto akiwa na miaka minne. Katikati hapo mzigo wote unamwangukia bibi. Kwa hiyo naunga mkono Serikali ichangie gharama. Hofu yangu ni masharti yatakayofuatana na fedha hizo, na hasa adhabu ya mzazi atakayeshindwa kuyatimiza.

Uholanzi ni nchi tajiri yenye ofisi zilizopangika, na ndiko jambo hili lilikoharibika vibaya. Mamlaka ya kodi ndiyo iliyokuwa ikiwalipa wazazi ruzuku ya malezi, na kwa miaka mingi ilishikilia kwamba aliyekosea jambo dogo, kama vile saini iliyosahauliwa au sehemu ndogo ya mchango wake asiyoweza kuithibitisha, arejeshe ruzuku yote ya mwaka, wala si ile sehemu yenye kasoro peke yake. Maelfu ya familia zisizo na hatia, nyingi zikiwa na asili ya nchi za nje, zilihesabiwa kuwa za matapeli na kutwishwa madeni ya makumi ya maelfu ya euro. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa kashfa hiyo. (Miezi miwili baadaye chama chake kilishinda tena uchaguzi, lakini hayo tuwaachie wenyewe Waholanzi.)

England nayo inawapa wazazi wenye kazi saa 30 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, ila kila baada ya miezi mitatu mzazi athibitishe upya kwamba kipato chake hakijashuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, sharti hilo ni jepesi. Tulilete hapa tuone. Masika yakiingia, hoteli nyingi za mwambao hupunguza wafanyakazi, na mpishi au msafisha vyumba hukaa nyumbani hadi wageni warejee. Je, mtoto wake afutwe kituoni Aprili, kisha Juni aanze kutafutiwa nafasi upya? Pemba, msimu wa karafuu, watu huhamia dago, yaani kambi za wachumaji, wiki kadhaa, na hakuna mwajiri wa kuwaandikia barua. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani huteremka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa kufuata maji, na maji hayo husogea mbele kila siku, hata aliyetoka pwani adhuhuri leo, siku chache baadaye hutoka alasiri, nguo zimelowa na gunia li kichwani. Kituo kinachofungwa saa nane kitamtoza mwanamke huyo faini ya kuchelewa kumchukua mtoto, bamvua baada ya bamvua, ilhali hakuchelewa kazini mwake hata mara moja.

Faini hizo tayari tunazo. Kituo anachokwenda mjukuu wangu humtoza mama yake kila gari la wafanyakazi linapochelewa kutoka shamba, na dereva wala hajui.

Mfano mzuri tunao wenyewe. Pensheni Jamii, malipo ya Serikali kwa wazee, ilipoanza Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, haikumdai mzee hati ya mshahara wala historia ya kazi. Ilitazama umri wa miaka 70 na ukaazi wake. Ruzuku ya malezi nayo ingetazama umri wa mtoto na ukaazi wa mzazi, basi. Penye kosa, mzazi aandikiwe kwanza, apewe muda wa kusahihisha, na kinachodaiwa kiwe kile kilichozidi tu. Aliyeghushi cheti cha kuzaliwa apelekwe mahakamani, kwani huyo ni mhalifu na sheria zake zipo.

Nawaomba Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, siku hoja hii itakapofika mbele yao, waanze kuusoma muswada kwenye kifungu cha adhabu, na wadai kiandikwe humo mzazi wa Micheweni, Pemba, atakata rufaa wapi bila ya kupanda boti kuja Unguja.

Mkaazi wa Makunduchi,
Unguja.