"Kichwa wala si mkia", mbona mnaishia hapo hapo?

Mhariri,

Salamu nyingi kwako na wenzako wa chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na leo nina lalamiko kuhusu kile kiboksi cha mstari wa Biblia mnachokiweka kurasa za ndani. Sisemi mkitoe, la hasha, mama yangu mdogo anakikata na mkasi anakibandika kwenye friji. Ila mistari yenyewe inazunguka ile ile, Kumbukumbu la Torati 28:13 kichwa wala si mkia, Isaya 54:17 kila silaha haitafanikiwa, Yeremia 29:11 mawazo ya amani, halafu tunarudi mwanzo, na kila mmoja unakuja peke yake kama skrinishoti ya meseji moja iliyotolewa kwenye chati ndefu, huoni nani alianza wala mwenzake alimjibu nini. Na si nyie peke yenu jamani, daladala ndo hivyo hivyo, bodaboda, status za WhatsApp, mabango ya semina. Matokeo yake tuna watu wanaijua mistari kwa kichwa kabisa lakini ukimuuliza hii habari nzima inatoka wapi inaenda wapi anakukodolea macho.

Ombi langu ni kwamba hata mara moja kwa wiki mtupe kipande kirefu kinachosomeka. Maana hiyo mistari mitatu tunayoipenda hivyo ni ya hadithi moja, tena hadithi nzito.

Tuanze na hicho kichwa na mkia. Musa yuko Moabu, ng'ambo ya Yordani, anaaga watu wanaojiandaa kuingia Kanaani bila yeye. Sura ya 28 ina mistari 68. Baraka ni mistari 14 ya mwanzo, kisha kuanzia wa 15 ni laana mpaka mwisho, mistari 54 mizima! Ukifika wa 44 maneno yamegeuzwa, mgeni anayekaa kwenu ndiye atakuwa kichwa na wewe utakuwa mkia, yeye atakukopesha na wewe hutakuwa na cha kumkopesha (waliopitia mikopo ya kausha damu wanaelewa uzito wa hilo bila kuhubiriwa). Sijawahi kuona stika ya 28:44 kwenye gari lolote. Na mstari wa 36 unasema wazi kwamba wao na mfalme wao watapelekwa kwa taifa wasilolijua.

Halafu hayo hayakubaki kuwa maneno tu. Soma Yoshua, Waamuzi, Samweli, Wafalme, utaona ule mstari wa 36 unakaribia taratibu kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza anamchukua mfalme Yekonia na wakubwa na mafundi, na kama miaka 10 baadaye majeshi yake yanarudi, hekalu linachomwa moto, mfalme Sedekia wanawe wanachinjwa mbele yake kisha anatobolewa macho na kupelekwa Babeli amefungwa. Hiyo ni 2 Wafalme 25. Ndo mkia wenyewe.

Katikati ya matukio hayo mawili ndipo nabii Yeremia anaandika ile barua yenye mstari wetu wa mawazo ya amani. Sura inayotangulia kuna nabii anaitwa Hanania, huyu angejaza uwanja siku hizi, alisimama hekaluni akatangaza ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, akaivunja na ile nira ya mti iliyokuwa shingoni kwa Yeremia, na nadhani watu walipiga makofi. Mwaka haukuisha akafa. Yeremia yeye akawaandikia waliohamishwa: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni, uombeeni mji mliopelekwa upate amani, maana mtakaa huko miaka 70. Hebu fikiria umeshika barua hiyo mkononi una miaka 40. Mstari wa 11 wenye mawazo ya amani unakuja baada ya hiyo 70, mstari mmoja tu baadaye, kwa hiyo ni ahadi ya kweli lakini kwa wengi waliosomewa siku ile ilikuwa ahadi ya wajukuu zao. Sasa sisi tunaibandika kwenye maombi ya viza.

Isaya 54:17 ndo naipenda kuliko zote na ndo inanikera zaidi inavyotumiwa. Kwanza tujue namba za sura si za Isaya. Sura tunazotumia leo ziligawanywa na Stephen Langton mwanzoni mwa miaka ya 1200, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Lile gombo la Isaya lililopatikana Qumran karibu na Bahari ya Chumvi mwaka 1947 lina urefu wa zaidi ya mita 7 na halina namba hata moja, msomaji alikuwa anakunjua tu anaendelea. Ukikunjua hivyo, kabla ya wimbo wa furaha wa 54 unapita kwenye 53, mtumishi aliyedharauliwa, aliyejeruhiwa kwa makosa ya wengine, aliyepelekwa kama mwana-kondoo machinjoni bila kufungua kinywa, na huyo mwana-kondoo msomaji ameshamuona damu yake kwenye miimo ya milango kule Kutoka 12. Na ule mstari wa silaha unamalizia kwa kusema huo ndio urithi wa watumishi wa Bwana, yaani wanarithi kutokana na kilichompata yule mmoja. Silaha kwake ilifanikiwa! Tunakata sehemu ya mateso tunabaki na sehemu ya ushindi, halafu jirani akipata gari tunadhani ndo silaha.

(Najua Wayahudi wengi wanamsoma mtumishi huyo kama taifa lenyewe la Israeli, na wana hoja zao maana sura za nyuma Israeli inaitwa mtumishi waziwazi. Mimi nazungumzia Wakristo walivyoisoma tangu mwanzo.)

Na walivyoisoma tunajua, ipo Matendo 8. Yule mtunza hazina wa Kandake malkia wa Waethiopia, towashi (yaani mwanamume aliyehasiwa), anatoka Yerusalemu kuabudu anashuka njia ya Gaza, yuko garini anasoma Isaya kwa sauti. Anasoma hapo hapo pa mwana-kondoo. Filipo anamkimbilia, anaulizwa swali moja, nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo akaanzia andiko hilo hilo akamweleza Yesu. Sasa angalia kitu ambacho wengi tunakipita. Kumbukumbu la Torati 23:1 inamkataza mtu wa hali yake kuingia kwenye kusanyiko la Bwana, kwa hiyo jamaa amesafiri umbali wote ule kwenda mahali ambapo torati yenyewe ilikuwa imeshamfungia mlango. Lakini kwenye gombo lile lile alilopakata, akilikunjua kidogo tu mbele, akaipita 54 yetu ya silaha, anafika 56:3 mpaka 5 ambapo Mungu anasema towashi asiseme mimi ni mti mkavu, nitampa jina lililo bora kuliko wana na binti. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi kama alifika hapo. Anasema tu waliona maji, na towashi akauliza kuna nini kinanizuia nisibatizwe, na hakikutajwa kizuizi chochote. Sasa nani atalielewa hilo swali kama hajasoma Kumbukumbu la Torati wala Isaya? Ataona tu mtu ameona maji akataka ubatizo, Amina, twende.

Paulo naye anafanya kazi ile ile Wagalatia 3:13, anachukua laana zile zile za torati tunazoziruka anasema Kristo alizibeba, tena ushahidi anautoa Kumbukumbu la Torati 21:23 kuhusu aliyetundikwa mtini, na mstari unaofuata anasema ni ili baraka ya Ibrahimu iwafikie mataifa, na hapo ameturudisha Mwanzo 12. Kwa hiyo hata baraka ya mistari 14 Mkristo haifikii kwa kuruka ile mistari 54 ya laana.

Kuna wachungaji watasema Agano la Kale limepita, tusome Injili inatosha. Hiyo nayo si mpya, mwalimu mmoja wa zamani, Marcion, alifundisha karibu na hivyo kule Roma, kanisa likamtenga mwaka 144, na Luka 24 Yesu mwenyewe akiwa njiani kwenda Emau alianzia Musa na manabii wote kueleza habari zake. Hapo nawapa Wakatoliki hongera ingawa mimi si mwenzao, Jumapili nyingi somo lao la kwanza linachaguliwa liendane na Injili ya siku, na ile Isaya 53 inasomwa Ijumaa Kuu bila kuikwepa.

Nimeshaambiwa na rafiki yangu kuwa wasomaji wa gazeti hawana muda wa vipande virefu. Jamani yule towashi alikuwa safarini! Kutoka Isaya 52:13 mpaka 56:8 ni kama dakika kumi ukisoma kawaida, foleni ya Mbagala asubuhi inakutosha na nyingine inabaki. Baada ya hapo jaribu Kumbukumbu la Torati 28 yote, na ukifika mstari wa 15 usifunge kitabu.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam