Panki haikuanzia London, mhariri

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma mwaka wa kumi na tisa huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile makala ya Jumamosi kuhusu panki, ile roki ya kasi ya magitaa, imenishinda. Eti ni kelele za vijana wa kizungu wa London, basi, imeisha. Bendi ya Death, yaani Kifo, mmeiweka wapi?

Death ni ndugu watatu weusi wa Detroit, Marekani, akina Hackney. David gitaa, Bobby besi na kuimba, Dannis dramu. Mwaka 1975 walishaingia studio wakati albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ilitoka 1976 na Sex Pistols, hao wa London wenyewe, singo yao ya kwanza ni mwishoni mwa mwaka huohuo, sasa nani kamuiga nani? Clive Davis bosi mkubwa wa rekodi ndo alikuwa anatoa hela, akawaambia badilisheni jina, David akakataa katakata maana jina lile alilibuni baada ya baba yao kufariki, hela ikakatwa, nyimbo zilizopangwa 12 zikaishia 7, wakajilipia wenyewe singo nakala 500, redio zikawapita kama hawapo, na 1977 bendi ikafa. Kanda zikalala darini mpaka 2009 ndo albamu ikatoka. David hakuiona, kansa ya mapafu ilishamchukua mwaka 2000.

Na haya mambo hayajaisha. Mwaka juzi nilipeleka flashi yenye nyimbo zao redio moja hapa mjini, mtangazaji akasikiliza anatikisa kichwa, anasema mzee hii kali, nikamtajia jina la bendi akachomoa flashi palepale. "Hawana jina lingine?" Swali lilelile la 1975! Na huyohuyo jioni anapanda daladala iliyoandikwa Jeneza kioo cha nyuma, dereva anaendesha kama jina lenyewe, hajamuomba mtu abadilishe. Trafiki nao wanaiangalia tu ikipita imejaza watu mpaka mlangoni, hilo nitawaandikia siku nyingine.

Masahihisho nayataka, mistari minne inatosha, jina la David litangulie. Na msiyafiche kule chini ya matokeo ya mpira, yawekeni ukurasa wa matangazo ya vifo, ule angalau watu wanausoma wote.

Msomaji wenu, bado kwa sasa