Boksi la bamba au la kuchongwa

Unga Limited, Arusha

Kuruta mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Jumapili nilimpitia mama pale Sakina, nimemkuta mzima, anapalilia migomba yake, na amenituma nikuulize unakuja lini. Hilo utamjibu mwenyewe. Mimi nijibu lako, maana tangu uliponitumia zile picha tatu sijatulia. Nazifungua kwenye simu hata nikiwa nimesimama mbele ya mashine.

Umesema umejiwekea hela ya bastola moja ya jamii ya AK, ya kulengea shabaha kwenye uwanja wenu huko Houston, na kinachokusumbua ni boksi lake, yaani mwili wa chuma unaobeba boliti, kifyatulio na magazini. Uchukue ile ya Bulgaria, ambayo boksi limechongwa kutoka kwenye pande zima la chuma, au moja ya hizi za bamba jembamba lililokunjwa, Draco ya Romania au M92 ya Serbia? Unataka neno la mtu anayeshinda na chuma. Nakwambia mapema: chukua ya bamba, na katika hizo mbili chukua ya Serbia. Ila nisome hadi mwisho, kwa sababu moyo wangu ulianzia upande mwingine.

Unazikumbuka zile SMG mbili, nazo za jamii hiyohiyo ya AK, tulizokuwa tunasafisha kambini Oljoro? Yako ubavuni, juu ya magazini, ilikuwa na mfereji mpana wa mstatili. Yangu mahali palepale ilikuwa na kibonyeo kidogo, kama mtu amegandamiza kidole kwenye udongo mbichi. Tuliambiwa zote ni SMG, tupake mafuta tunyamaze. Sasa ndiyo nakueleza: yako ilikuwa ya kuchongwa, na ule mfereji ulikatwa kupunguza uzito. Yangu ilikuwa ya bamba, na kile kibonyeo kazi yake ni kuielekeza magazini isicheze. Ukigonga yako kwa ukucha ilikuwa kimya kama nyundo. Yangu ilitoa sauti ya sufuria, na kwa miaka mingi niliamini nilipewa ya hali ya chini.

Ukweli wake ni kwamba Warusi wenyewe walianza na bamba. AK ilipopokelewa jeshini mwaka 1949, boksi lilikuwa la chuma cha kugandamizwa kwa prezi, lakini kiwandani Izhevsk mengi yalitoka yamepinda yakakataliwa. Ndipo wakarudi kwenye kazi waliyokuwa wanaimudu, kuchonga. Kuchonga kunakula muda na chuma kingi. Wewe umeona karakana yangu jioni, nywele za chuma zilizolala sakafuni zinazidi kipande nilichotengeneza. Waliendelea hivyo miaka kadhaa hadi wakajua kuligandamiza bamba bila kulipindisha, na mwaka 1959 ikatoka AKM, bamba la milimita 1 tu, nyepesi kuliko mtangulizi wake kwa kiasi ambacho bega linakijua. Kwa hiyo la kuchongwa lilikuwa daraja la kuvukia wakati kiwanda kinajifunza. Wabulgaria walipenda daraja lile, wakaendelea kulijenga vizuri sana hadi leo, na kazi yao naivulia kofia.

Sasa nguvu. Watu wanadhani boksi ndilo linalozuia mlipuko usikurudie usoni. Sivyo. Kwenye hii ya bamba, mbele kuna kipande kinene cha chuma kinaitwa tranioni, mtutu umezama humo, na boliti, kile kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, ikizunguka meno yake mawili yanajifunga humohumo. Mshindo wa risasi unaishia kati ya hao watatu: mtutu, tranioni, boliti. Bamba kazi yake ni kuwashika pamoja, kuipa boliti reli za kukimbilia, kubeba kifyatulio na magazini. Kwenye la kuchongwa, tranioni na boksi ni pande lilelile, hakuna ribiti, zile pini za kubana bamba kwenye tranioni, ya kulegea. Hiyo ni faida ya kweli, siifichi. Ila unailipia kwa bei na, kwa kawaida, kwa uzito, na wewe unanunua kitu kisicho na kitako, unakinyoosha mbele kwa mikono, hakuna bega la kukusaidia. Kuna atakayekwambia uzito unatuliza teke la risasi. Ni kweli kwa magazini ya kwanza. Ya nne mikono inatetemeka, na shabaha yako unaijua.

Mwaka juzi niliwahi kutengeneza kishikio cha mashine ya kukoboa kahawa ya mzee mmoja wa Tengeru. Nilikunja bamba, nikalifunga kwa ribiti, likarudi baada ya msimu mmoja limepasuka. Nililiweka mezani nikalitazama kwa lenzi. Bamba lilikuwa zima kote, isipokuwa kwenye tundu moja la ribiti. Nilikuwa nimelitoboa karibu mno na mkunjo, likawa yai badala ya duara, ribiti ikapata nafasi ya kuchezacheza, na ufa ukaanzia hapo, mwembamba kama unywele. La pili nilitumia bamba lilelile, nikasogeza tundu, nikajaza ribiti sawasawa. Linafanya kazi mpaka leo. Siku hiyo ndipo nilipoacha kulidharau bamba.

Ndiyo maana nakupeleka kwa Mserbia. Wengine wanatumia milimita 1, yeye anatumia 1.5, na tranioni yake ya mbele ni pana kiasi kwamba boksi limevimba kidogo pale kwenye mashavu. Utauona uvimbe huo hata kwenye picha uliyonitumia. Ni mtindo wa RPK, ile bunduki kubwa ya kufyatua mfululizo, kwa hiyo kwenye bastola ya inchi 10 unabaki na akiba. Ni nzito kidogo kuliko Draco, lakini uzito wenyewe umekaa karibu na mkono.

Jambo moja nje ya chuma: usije ukashawishika kuifunga kitako. Kwenu huko, mtutu ulio chini ya inchi 16 ukiwekwa kitako, inageuka bunduki fupi chini ya sheria yenu ya 1934, na bila kibali umejitia matatani. Mama hatanielewa.

Ukifika dukani omba uishike chini ya taa. Tazama vichwa vya ribiti za mbele: viwe duara, vimekaa bapa kwenye bamba, kusiwe na upenyo hata wa kuingiza ncha ya karatasi. Pitisha kidole ndani ya reli, kisikwame. Ingiza magazini, uitikise. Kisha nipigie picha hizo ribiti kwa karibu, pande zote mbili, kabla hujatoa hela. Hata kama huku ni usiku wa manane, nitume tu. Nitaamka.

Wako wa Oljoro na wa siku zote