Kwa Sahibu Yangu, Kuhusu Erasmus na Wapiga Chapa wa Venice

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Barua yako imenifikia salama, na swali lako, kwamba kwa nini ninawaenzi wapiga chapa wa kale sawa na wasomi wenyewe, nitalijibu kwa kisa kimoja.

Mwaka 1508 Erasmus wa Rotterdam, msomi mashuhuri wa Kilatini na Kigiriki, alikuwa Venice kwa mpiga chapa Aldus Manutius, yule aliyekwisha kuchapa vitabu vya mwanafalsafa Aristotle kwa Kigiriki, majuzuu matano, kati ya 1495 na 1498. Erasmus alikuwa na mkusanyiko wa methali za Kigiriki na Kilatini, ambao toleo lake la Paris la mwaka 1500 lilikuwa na methali mia nane na ushei tu. Wasomi wa Venice, akiwamo Janus Lascaris na Marcus Musurus, wakamwazima miswada ya Kigiriki ambayo ilikuwa bado haijachapwa, bila hata kusubiri kuombwa. Basi akawa anaandika humo humo karakanani huku mafundi wakipanga herufi, kwa kasi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikumwachia hata nafasi ya kujikuna sikio. Mwezi wa Septemba kitabu kikatoka na methali zaidi ya 3,200.

Linalonigusa zaidi ni prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosomwa ili kusahihisha makosa kabla ya kuchapa. Palikuwa na msahihishaji wa kulipwa, Erasmus naye akizipitia, na bado Aldus alizisoma tena mwenyewe. Erasmus alipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alijibu kwamba anajifunza. Mwenye karakana, mtu aliyefundisha Kigiriki miaka mingi!

Sasa linganisha na jambo ambalo Erasmus amelisimulia kwa uchungu. Huko kwao kaskazini alimwomba rafiki yake kamusi moja ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono, yenye methali pembezoni mwa kurasa, ili hizo methali zinakiliwe tu. Rafiki akakataa katakata, na alipobanwa akasema kwamba siku hizi kila kitu kinatolewa hadharani, yale yale yaliyokuwa yakiwapa wasomi heshima mbele ya watu. Mimi naona hofu ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo sababu ukarimu wa akina Lascaris ni mkubwa mno machoni pangu: walijua wanachokitoa, wakakitoa.

Niandikie unavyoona wewe.

Wako wa daima.